Nilisema Ni Presha

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nafundisha sekondari moja huku Themi, na kwa miaka kumi na tisa nimelipwa mshahara wa kuchora mistari myekundu chini ya maneno ya watoto wa watu. Mwanafunzi akiandika "presha" kwenye insha namkata nusu maksi na kumwandikia pembeni: shinikizo la damu. Wamenipa jina la utani ambalo wanadhani silijui. Naanza na hilo ili ieleweke kwamba neno lililokaribia kumuua mwanangu sikulitamka kwa kutojua. Nilikuwa na akili zangu timamu, nimekaa kitako, nimeshika kikombe cha chai.

Nilikuwa kwa mama yangu, kwetu mlimani, juu ya Tengeru, ambako ukitoka mlangoni unaingia moja kwa moja kwenye kahawa na migomba. Mama alikuwa amemwona binti yangu akimeza kidonge baada ya uji, akaniuliza anaumwa nini.

"Presha tu, mama."

"Mtoto wa miaka kumi na tano?"

"Siku hizi inapata hata watoto."

Akasikitika, akalaumu chipsi za mjini, mazungumzo yakaisha. Mama naye ana presha, ya kweli, ana vidonge vyake kwenye kopo la kakao juu ya kabati. "Kumbe tuko wawili," akamwambia mjukuu wake, na nadhani alifurahi kidogo kupata mwenzake wa kumeza naye.

Haukuwa uongo mtupu. Vidonge anavyomeza binti yangu wapo wagonjwa wa presha wanaovimeza pia, na hata dukani ukivitaja watakwambia ni vya presha. Nilijificha kwenye upenyo huo. Ukweli ni kwamba binti yangu ana ugonjwa wa moyo wa kurithi. Moyo wenyewe hauna tundu wala haujavimba. Ukiupiga picha ni moyo mzuri kabisa. Tatizo lipo kwenye umeme unaoufanya upige. Moyo wa kawaida ukishapiga pigo moja hujipanga upesi kwa pigo linalofuata. Wa kwake unachelewa kujipanga, na kitu kikiushtua katikati ya kuchelewa huko, mapigo yanavurugika na mwenyewe anaanguka. Wengine huamka baada ya sekunde chache. Wengine hawaamki.

Mara ya kwanza alianguka shuleni, kidato cha kwanza, kengele ilipogongwa karibu na sikio lake. Walisema kifafa. Mama mmoja wa maombi, jirani yetu hapa Sekei, alinishika mkono akanieleza namna mapepo yanavyoogopa kengele. Nilimjibu vibaya, na mpaka leo tukikutana sokoni anahamia upande wa pili. Tulitibu kifafa miezi saba bila mafanikio, mpaka tulipofika kwa daktari wa moyo aliyembandika nyaya kifuani, akatoa karatasi yenye michirizi, akaitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliniuliza, "Katika ukoo wenu, kuna mtu aliyewahi kufa ghafla akiwa kijana?"

Nikamwambia kuhusu kaka yangu.

Kaka yangu alikuwa na miaka kumi na saba, mimi kumi. Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa na aliamka na homa. Mchana tulishuka naye zahanati, mama amemshika mkono, mimi nimebeba sweta lake. Tabibu wa siku hizo alitaka kumpa vidonge arudi nyumbani. Mama akakataa. Nilimsikia kwa masikio yangu akimbembeleza: "Mchome sindano, baba. Vidonge vitachelewa." Tabibu akamchoma kwinini, dawa ya malaria ya siku hizo. Siku ya pili akachomwa tena. Siku ya tatu, mchana kweupe, aliinuka kitandani aende nje kuota jua, akaanguka mlangoni. Nilidhani ananitania, kwa sababu ilikuwa tabia yake. Nikamwambia inuka, nikamwambia tena.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema maneno ambayo nayakumbuka moja moja: "Siwezi kukwambia kilichomuua. Hakuna anayeweza sasa. Lakini kwinini ni ya tatu kwenye orodha hii."

Orodha yenyewe ilikuwa karatasi moja, imechapwa pande zote mbili. Dawa ambazo mtu mwenye moyo wa namna hii hatakiwi kumeza wala kuchomwa, kwa sababu zinauchelewesha moyo ambao tayari unachelewa. Nilitegemea nione majina ya ajabu. Nikakuta dawa ambazo zimo kwenye kila duka la dawa hapa mjini: antibaiotiki za kifua, dawa ya fangasi ya kumeza, dawa za kuzuia kutapika. Nilizozimeza mwenyewe. Nilizowahi kumnunulia yeye. Na mimi nilipimwa siku hiyo hiyo, michirizi yangu ikatoka kama ya binti yangu, kwa hiyo nikajua alikoutoa. Mimi nimeanguka mara moja tu maishani, siku ya mahafali ya chuo, nikadhani ni njaa.

Tangu hapo nikawa mtu wa kuchosha. Nilitoa nakala za ile orodha na kuzigawa. Moja kwa matroni wa shule, moja kwenye pochi ya mume wangu, ambaye ni dereva wa watalii na wiki nzima anaweza kuwa porini hakuna mtandao, moja kwa mzee wa kanisa, moja niliipunguza ikawa kadi, nikaiweka plastiki, binti akaining'iniza shingoni ndani ya nguo. Nikapeleka na duka la dawa la mtaani. Dada muuzaji akaipokea, akaiweka chini ya kaunta bila kuisoma. Wiki mbili baadaye binti alikohoa, nikaenda pale kwa makusudi kumjaribu. "Chukua hii," akaniambia, "vidonge vitatu tu, siku tatu, umemaliza." Ilikuwa ya kwanza kwenye orodha. Niliongea pale kaunta mpaka watu wakatoka saluni ya jirani kuja kusikiliza. Dada yule akaniambia, "Madam, ungeniambia tu taratibu," na kusema kweli alikuwa na haki. Siku iliyofuata niliikuta orodha imebandikwa ukutani.

Kila mtu alipata orodha, isipokuwa mama yangu.

Niliogopa, na sioni haja ya kulipamba. Ningetaja ugonjwa, mama angeuliza umetoka wapi. Ningesema ni wa kurithi, angefika kwa kaka kabla sijamaliza sentensi. Akishafika kwa kaka atafika kwenye sindano, na sindano aliiomba yeye. Mama yangu ana miaka sabini na mitatu. Nilijiambia kwamba hakuna sheria inayonilazimisha kumpelekea habari hiyo, na kwamba upendo wakati mwingine ni kunyamaza. Ningekutana na sentensi hiyo kwenye insha ya mwanafunzi ningeipigia mstari. Kisha nikafanya jambo baya zaidi, nikamfundisha na binti yangu: bibi akiuliza, sema presha.

Kuna jambo moja la mama lazima nilieleze hapa. Ni mtu wa haraka kuliko mtu yeyote ninayemjua. Mjukuu akipiga chafya mara mbili, keshamfunga kanga mgongoni anateremka naye zahanati. Huacha chungu jikoni, huacha wageni sebuleni. Mara moja aliacha ng'ombe katikati ya kukamuliwa. Tulimwita ambulansi, naye alicheka pamoja nasi, lakini hakupunguza mwendo. Sikuwahi kujiuliza haraka hiyo ilianza lini.

Likizo ya Juni binti alipanda mlimani kwa bibi yake kama kila mwaka. Mkoba wenye vidonge akausahau juu ya kitanda, Sekei, na mimi, niliyegawa karatasi nusu ya mji, nilikuwa na rundo la mitihani ya kusahihisha na sikuingia chumbani kwake siku tano. Huko juu, asubuhi ya kwanza, bibi alimwona anapekua begi akiwa na wasiwasi.

"Unatafuta nini?"

"Dawa zangu, bibi. Nimezisahau."

"Zile za presha? Si ninazo."

Akashusha kopo la kakao, akamtolea kidonge chake cha asubuhi, kile kinachomkojoza. Akampa na maji ya uvuguvugu. Binti yangu alijua kwamba sicho. Baadaye nilimuuliza, kwa ukali ambao naujutia, kwa nini alimeza kitu anachojua sicho. Akanijibu kwamba bibi alikuwa amesimama mbele yake amenyoosha mkono, na yeye akapokea kwa mikono miwili kama tulivyomfundisha. "Na ningesema si presha," akasema, "angeniuliza ni nini. Wewe ulinikataza."

Alikimeza asubuhi nne. Jumamosi tumbo likamvuruga, akatapika. Jumapili alikwenda na bibi yake ibada ya kwanza, wakawa wamesimama uwanjani karibu na mnara, na kengele ikagongwa.

Mimi nilikuwa natoka kanisani kwetu mjini simu ilipoita. "Mwanao presha imemshuka," mama akasema, anahema. "Tuko zahanati. Nimemkimbiza." Nikamuuliza kama amemeza dawa zake. "Amemeza, nampa mwenyewe kila siku," akajibu, na alijibu kwa fahari. Nilikimbia nyumbani kuchukua fedha, nikaukuta mkoba juu ya kitanda.

Sikumbuki dereva wa teksi alikuwa mtu wa namna gani. Nakumbuka ukungu kuanzia tulipoiacha lami, na kwamba nilikuwa nimeukumbatia ule mkoba mdogo wa vidonge, nikihesabu mapigo ya moyo wangu mwenyewe.

Nilimkuta amelala kwenye kitanda cha zahanati, macho wazi, midomo imepauka. Alikuwa hai. Mama alikuwa ameshika miguu yake. Tabibu, binti mdogo wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani, alikuwa ameshaivuta dawa kwenye bomba la sindano ili amzuie kutapika, na alikuwa anatafuta mshipa.

"Usimchome!"

Nilipiga kelele ambayo sikuwahi kuipiga darasani. Tabibu alishtuka, lakini aliinua mkono wake, nitamshukuru kwa hilo maisha yangu yote. Nikamfungua mwanangu kifungo cha shingo, nikatoa kadi. Ilikuwa pale pale muda wote, chini ya gauni la kanisani alilolivaa juu ya sweta. Tabibu akaisoma, akageuza, akasoma upande wa pili. Akalitazama jina la dawa kwenye kichupa, akalitazama kwenye kadi. Akaiweka sindano kwenye sinia.

Ndipo hasira yangu ikatafuta mtu. Nikamgeukia mama. "Nani alikwambia umpe mtoto dawa zako?"

Mama alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe.

"Wewe," akasema. "Si ulisema ni presha?"

Tabibu aliinamisha kichwa akaanza kuandika. Nilitamani aseme neno, anikaripie, anipe mtu wa kugombana naye. Alichosema ni kwamba kidonge cha bibi kinatoa maji mwilini na kutoa pia madini ambayo moyo huu unayahitaji, kwamba kutapika kumeongezea hapo hapo, na kwamba kwa siku zote hizo mtoto hakuwa na kinga yake. Aliita gari. Tulilala hospitali siku tatu. Walimrudishia madini kwa dripu, wakamrudishia vidonge vyake, na michirizi ikarudi pale inapoweza kurudi. Mama alikuja kila siku na chupa ya uji. Hakuniuliza chochote, na mimi sikumwambia chochote, tukawa tunazungumza habari za uji.

Wiki iliyofuata nilipanda mlimani peke yangu. Niliondoka bila kumuaga hata mume wangu, kwa sababu ningeanza kueleza ninakokwenda ningepata sababu ya kutokwenda. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi za mtori.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mtoto?"

"Hajambo. Amekwenda kwa shangazi yake Njiro."

Nikavuta kigoda. Nikamwambia si presha. Nikamwambia ni moyo, namna unavyochelewa, namna unavyoshtuka. Aliendelea kumenya. Nikamwambia ni wa kurithi, na mimi ninao, na kwamba daktari anataka aje yeye naye abandikwe nyaya. Kisu kikapunguza mwendo. Nikamwambia daktari anadhani kaka alikuwa nao.

Kisu kikasimama.

"Kwa hiyo haikuwa malaria."

"Homa huenda ilikuwa malaria, mama. Kuanguka ndiko kulikuwa kwa moyo. Pengine. Hakuna anayejua kwa hakika."

Akatikisa kichwa taratibu. Nikatoa orodha, nikamwambia hizi ndizo dawa ambazo mimi na mjukuu wake hatutakiwi kuzitumia, na huenda hata yeye. Mikono yake ilikuwa imejaa utomvu wa ndizi na miwani ilikuwa chumbani.

"Nisomee," akasema. Akasogeza kigoda chake, akainama juu ya karatasi pamoja nami, kama nilivyokuwa nikiinama naye juu ya kitabu cha nyimbo nikiwa mdogo.

Nikaweka kidole. Nikasoma ya kwanza, nikamweleza ni ya nini, na kwamba dukani wataitoa bila kuuliza. Nikasoma ya pili. Kisha nikasoma ya nne.

"Umeruka," mama akasema.

"Wapi?"

"Kidole chako kimeruka mstari. Mimi sijawa kipofu."

Kuni zilikuwa zinatoa moshi na nilijipa muda wa kupangusa macho. Nilitafuta kwa haraka jina lingine la kuweka pale, la dawa yoyote. Hiyo ndiyo kazi ninayoijua, kubadilisha neno moja kwa lingine. Sikulipata.

"Kwinini," nikasema.

Alitazama mlangoni, mlango ule ule alipoanguka kaka, umebadilishwa mbao tu. Nikaanza kusema haraka haraka kwamba yeye hakujua, kwamba tabibu hakujua, kwamba hata madaktari wa siku hizo hapa kwetu wangemchoma hiyo hiyo. Nikamwambia kwamba nilimsikia akiiomba, kwamba nimejua tangu siku ile kwa daktari, na kwamba ndiyo maana nilisema presha.

"Kumbe wewe umebeba hilo," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mimi sikubeba hilo. Mimi nimebeba lile gunia."

Sikumwelewa. Akanieleza, akiwa bado anatazama mlango. Asubuhi ile kaka aliponiambia mimi nimwambie mama kwamba ana homa, mama alikuwa shambani na gunia lake la kahawa halijajaa. Alisema ngoja nimalize. Alimaliza saa sita. Miaka yote hii, mtoto yeyote akisema anaumwa, anaona lile gunia. Alidhani mwanawe alikufa kwa sababu mama yake alichelewa.

"Nimekimbia miaka thelathini," mama akasema. "Kumbe siku ile ningekaa."

Alilia kidogo, bila sauti, machozi yakashuka na hakuweza kuyafuta kwa sababu ya utomvu. Nikamfuta mimi, kwa upindo wa kanga yake. Nilitaka kumwambia kwamba si hivyo, lakini sikuwa na uhakika, na nilikuwa nimekuja kumaliza kusema uongo.

Baada ya muda akainama tena juu ya karatasi, akainyooshea kidevu.

"Endelea," akasema. "Irudie ya nne, sikuisikia vizuri."